Losheni ya jua kwa ngozi za nyanda za juu: ipi ununue kwanza

Ukiwa Mbeya umevaa sweta saa sita mchana, ni rahisi kudhani jua limelala. Halijalala. Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti: mji upo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda huongeza mionzi inayounguza ngozi kwa takriban asilimia 10. Njombe iko juu zaidi, Kitulo ndiyo usiseme. Mwezi mbaya kuliko yote ni Oktoba, jua linapopita utosini kabisa na mvua bado haijaleta mawingu.

Kabla sijazipanga losheni kwa nafasi, soma kopo. SPF ni namba ya kinga dhidi ya UVB, mionzi inayounguza ngozi: SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 yake, SPF 50 asilimia 98. Kwa hiyo anayekuuzia SPF 100 kwa bei ya mara mbili anakuuzia namba. La muhimu zaidi ni UVA, mionzi inayoleta madoa na kuizeesha ngozi, nayo hupita hata kwenye kioo cha daladala. SPF haipimi hiyo. Tafuta maandishi "broad spectrum", yaani kinga ya UVA na UVB kwa pamoja, au herufi UVA ndani ya duara, au PA, kipimo cha kinga ya UVA, yenye alama za kujumlisha tatu au nne.

Nafasi ya kwanza naipa jeli au krimu nyepesi ya SPF 50 isiyoacha weupe. Sababu si sayansi ngumu: ndiyo utakayokubali kupaka ya kutosha. Uso na shingo vinataka mistari miwili iliyojaa, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kisha urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa kipimo hicho, ukipaka mara mbili kwa siku, tyubu ya mililita 50 inakwisha kwa takriban wiki tatu. Piga hesabu ya bei kwa mwezi, si kwa tyubu. Ukiona yako imefika miezi sita, ujue hupaki, unanusa tu. Wenye chunusi na ngozi ya mafuta wabaki hapahapa kwenye jeli.

Ya pili ni krimu yenye rangi ya ngozi, na kwa mwenye madoa ya ujauzito au makovu meusi ya chunusi inapanda kuwa ya kwanza. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, nazo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwa ngozi nyeusi huyakoleza madoa hayo. Kasoro yake ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watu weupe. Jaribu kwenye taya, kisha toka mlangoni mwa duka ujitazame kwa mwanga wa mchana. Taa za maduka ya Mwanjelwa humpendezesha kila mtu.

Ya tatu ni losheni nzito yenye kulainisha, ya kuanzia Juni hadi Agosti ngozi inapopauka na kupasuka kwa baridi. Mafuta ya mgando peke yake hayakingi jua.  Usiyachanganye na losheni ya jua kiganjani, utaipunguza nguvu. Mkulima wa viazi au mchuma chai wa Mufindi anayeshinda shambani, mimi ningemwambia atangulize kofia pana na shati la mikono mirefu, fedha inayobaki ndiyo inunue losheni ya uso.

Ya nne ni losheni nyeupe za madini, zenye oksidi ya zinki au titani. Zinafaa ngozi inayowasha na watoto waliopita miezi sita. Walio chini ya hapo wafunikwe kwa kanga na wakae kivulini. Lakini ukizipaka uso mzima, utaonekana kama umepakwa majivu.

Ya mwisho ni spreyi. Kwa upepo wa Iringa, nusu yake utamgawia jirani.

Watu wenye ualbino hawachagui kwa urembo: kwao saratani ya ngozi ni hatari ya kweli, na SPF 30 ni kiwango cha chini kabisa. Waulizie kliniki ya ngozi hospitalini kuhusu Kilisun, losheni ya jua inayotengenezwa Moshi mahsusi kwa ajili yao, kabla ya kutoa fedha dukani. Kofia, nguo ndefu na miwani bado ni lazima.

Usinunue kabisa krimu inayoahidi kung'arisha na kukinga jua kwa pamoja bila kuorodhesha viambato. Mkorogo wenye haidrokwinoni au zebaki umepigwa marufuku nchini, na ngozi iliyochubuliwa huungua upesi.

Dukani, geuza kopo. Tazama tarehe ya mwisho na mchoro wa kikopo kilichofunguliwa: 12M maana yake miezi 12 tangu ulipofungua. Iliyoanikwa dirishani kwenye jua iache, omba ya kwenye boksi. Ukifungua ukakuta maji na mafuta yameachana, irudishe siku hiyohiyo na risiti mkononi.