Joka jipya la watoto: rangi mbichi, majibu makavu

Naomba nianze na kanzu. Nyeupe, ya mwanangu wa miaka saba, ilitoka kwa fundi usiku wa kuamkia Idi, na sasa hivi imelowekwa mara ya tatu. Nimejaribu mafuta ya taa, nimejaribu tina. Mstari wa kijani mgongoni hautoki.

Bango la "linakuja hivi karibuni" la Joka, treni ya watoto ya bustani ya michezo, lilining'inia getini tangu sijui lini. Kila tukipita na daladala mtoto anasimama kitini achungulie juu ya mabati: nguzo zipo, reli hakuna. Reli imekuja, kichwa cha joka bado kimefungwa turubai. Ramadhani ilipokaribia bango likabadilishwa: Idi Mosi. Nikasema hawa hawawahi. Nikapiga simu siku yenyewe, nikajibiwa, "Karibuni sana, limeshaanza."

Tukaenda kesho yake. Unalipia getini, unavalishwa bangili, pesa hairudi. Kuingia tu, grenda inalia! Watoto wako kwenye foleni, na hatua chache pembeni kijana anachomelea ukingo wa ngazi, cheche zinaruka, mwenzake kashika kipande cha boksi kuwakinga wasiungue. Boksi, jamani. Zege la kupandia lilikuwa limefunikwa magunia yaliyoloweshwa, na alama ya kandambili ya mtu imeshaganda humo, kidole gumba na vyote.

Saa nzima na ushee juani. Zamu yetu ikafika, mwanangu akakaa kiti cha pili nyuma ya kichwa, akaegemea. Basi.

Nikamwendea msimamizi nikamgeuza mtoto aone mgongo. Akaniangalia juu hadi chini: "Dada, si mlitaka kipya? Kipya ndiyo kina rangi." Akaendelea na simu yake. Hakuna pole, hakuna hata "subiri". Ningekuwa peke yangu ningemjibu, ila nilikuwa na mtoto, na ilikuwa Idi.

Mzunguko mmoja tu ukaisha, fundi mmoja mtu mzima, spana mfukoni, akanyoosha mkono: wote shuka. Amesikia mlio asioupenda kwenye kona ya juu. Foleni nzima ikamzomea, na mimi nikiwemo, sitaki kudanganya. Msimamizi akaja mbio: "Mzee, watu wamelipa!" Mzee akajibu bila kumtazama, "Basi warudishiwe." Akapandisha mifuko ya mchanga kwenye viti, akalizungusha Joka tupu mara tatu huku kainamisha kichwa anasikiliza, akapanda juu, akakaza kitu, akarudia tena.

Jioni nikamlalamikia shemeji yangu aliyeko Ohio, Marekani. Akanicheka. Eti Disneyland yenyewe ilifunguliwa Julai 1955 kwa mbio hizi hizi: lami haijashika, viatu vya kina mama vya visigino vinazama, na kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba ikabidi wachague kumaliza vyoo au maji ya kunywa. Wakachagua vyoo. Na hapo kwao Ohio, kwenye bustani ya michezo ya Cedar Point, mwaka 2024 walifungua treni yao ya Top Thrill 2 mwezi Mei, haikumaliza wiki mbili, wakaifunga msimu mzima warekebishe mabehewa. Huko treni mpya hupimwa kwa midoli iliyojazwa maji, uzito wa mtu kila kiti. Kumbe mzee wetu na mifuko yake ya mchanga hakuwa anabahatisha.

Kwa hiyo kuchelewa nimewasamehe. Wangesema tu "bado," ningemnunulia mtoto aiskrimu tukarudi nyumbani. Kilichoniuma ni kuambiwa tayari wakati brashi bado imo koponi, halafu nijibiwe kama nimekuja kuomba.

Nilishaandika nyota sifuri, lakini hapa hairuhusiwi, na mwanangu ameniuliza mara nne tunarudi lini. Alipiga kelele raha mzunguko mzima, ile rangi wala hakuijua mpaka nilipomwambia. Haya, nyota moja, nayo ni ya yule mzee. Mwenye kujua zamu yake iko siku gani aniambie, nitampeleka tena. Atavaa fulana nyeusi.