Barafu ni Maji, Mama: Uzoefu Wangu na Deli Kubwa la Safari

Nilingoja hasira ishuke ndipo niandike, na kwa kuwa haijashuka mpaka leo, nimeona niandike nayo hivyo hivyo. Kitu chenyewe ni deli la barafu, lile kubwa la kubebwa na watu wawili, ambalo tulilinunua likizo moja ya shule iliyopita kwa ajili ya kwenda kulala kwenye mahema katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lita zake, bei yake na rangi zake sitazieleza, kwa sababu zimebandikwa ubavuni mwake na kila muuzaji wa Kariakoo huzisoma kwa sauti. Ninachotaka kukieleza ni kizibo chake cha kutolea maji, kitu kisichozidi kidole gumba, pamoja na maneno manne niliyoambiwa kwa sababu ya kizibo hicho.

Dukani nilimkuta kijana mwenye adabu zote za mtu ambaye bado hajapokea fedha. Nilimuuliza, "Kaka, hili linakaa na barafu siku ngapi?" Akanijibu bila kupepesa macho, "Siku 5, mama yangu. Siku ya 6 ukifungua utaikuta bado inakutazama." Mimi si mtu wa kununua kitu kwa maneno, kwa hiyo nililikagua. Niliubonyeza mpira unaozunguka mfuniko pande zote nne ili nione kama unakaa sawasawa, nikazitikisa bawaba, nikamwita mume wangu tukaliinua kwa mishikio yake, kisha nikalikalia, maana kambini deli ndilo kiti cha kwanza kugombewa. Kizibo sikukigusa. Kijana alikigonga kwa ukucha akasema, "Hiki ni cha kumwagia maji tu," nami nikaridhika kama mtoto aliyeonyeshwa pipi.

Kabla sijamrudia kijana yule, haki inanidai nikiri makosa yangu, na hayakuwa machache. Alfajiri ya safari tulipitia soko la samaki la Feri, tukachukua kolekole wawili na kamba, kisha tukanunua barafu iliyokwisha kupondwa kwa sababu ilikuwa rahisi kuisambaza. Barafu iliyopondwa hupoza haraka, lakini kwa kuwa kila kipande kinaguswa na joto pande zote, huisha mapema kuliko bonge zima la uzito ule ule. Deli lenyewe lilikuwa limeshinda kibarazani tangu jana yake, kwa hiyo barafu ya kwanza ilitumika kupoza kuta zake. Halafu, na hapa naona haya kidogo, nilipanga humo chupa 24 za soda zilizotoka moja kwa moja kwenye kreti lililokuwa juani. Baadaye nilikaa na binti yangu wa kidato cha tatu tukapiga hesabu: kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji yake kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80 hivi, na nguvu yote ya barafu imo humo, lakini soda 24 za mililita 350 zenye joto la mchana wa Dar es Salaam hula karibu kilo 3 za barafu kabla ya kuwa baridi kweli. Nilikuwa nimewalisha wageni kabla ya wenyeji.

Njiani mambo yakazidi. Tulikuwa watu 7, wakiwemo watoto wangu watatu, wifi yangu na mumewe, na kila kituo kilikuwa na mtu aliyekuwa na kiu. Mfuniko ulifunguliwa Chalinze, ukafunguliwa Morogoro, ukafunguliwa tena baada ya kuvuka Mikumi. Pale Ruaha Mbuyuni, kwenye bonde lile la mibuyu ambako joto hupanda mpaka viti vya gari vinaunguza ngozi, nadhani ulifunguliwa mara tatu. Tukakwama nyuma ya malori katika mlima wa Kitonga, jua likipiga kioo cha nyuma ambapo deli lilikuwa limekaa bila hata kanga ya kulifunika. Haya yote ni yangu, nayakubali, na laiti mambo yangeishia hapo nisingelalamika.

Tulilala Iringa, na kesho yake tukaingia hifadhini kupitia Tungamalenga, tukapiga mahema upande wa Msembe karibu na Mto Ruaha Mkuu. Askari wa hifadhi alituagiza tusiweke chakula chochote ndani ya mahema, nasi tukatii, deli likabaki kwenye buti ya gari. Usiku wa manane nikasikia mtu akilamba. Sina neno jingine: ilikuwa sauti ya ulimi mpana juu ya bati, taratibu, kama ng'ombe anayelamba chumvi. Mume wangu akamulika tochi kupitia wavu wa hema, tukamwona fisi amesimama nyuma ya gari letu, shingo kaiinamisha, akilamba ukingo wa chini wa mlango wa buti. Maji ya deli, yaliyochanganyika na damu ya samaki, yalikuwa yakidondoka tone kwa tone kutoka kwenye mlango ule hadi kwenye changarawe, naye alikuwa akiyapokea kwa utulivu wa mteja aliyelipa. Wifi yangu alisali kwa sauti mpaka fisi akaondoka, na hakuondoka haraka.

Asubuhi tukafungua. Barafu ilikuwa imebaki konzi mbili, kolekole walikuwa laini na macho yao yameingia ndani, na zulia la buti lilikuwa limeshiba maji ya samaki. Nikakifungua kizibo nikakishika mkononi. Kwenye shingo yake, chini kidogo ya nyuzi za kufungia, kulikuwa na mfereji mwembamba uliochongwa kwa ajili ya kukalia washa ya mpira, na mfereji huo ulikuwa mtupu. Haukuwa na alama ya mpira uliokatika wala gundi wala vumbi. Ulikuwa safi, maana yake ni kwamba washa haikuwahi kuwekwa. Samaki tuliwafunga kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka tulipotoka hifadhini, kwa sababu humo huruhusiwi kutupa kitu, na kwa siku zote zilizobaki watu 7 tulikula ugali na maharage tukitazamana.

Tulipofika Iringa nikampigia simu yule kijana. Nilizungumza kwa upole, nikamweleza habari ya mfereji, washa, samaki na hata fisi. Alinisikiliza, kisha akacheka, na hapo ndipo aliponiambia: "Barafu ni maji, mama." Nikanyamaza. Akaongeza, "Wewe ulitaka iwe mawe?" Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi kuliko yanavyostahili, na kinachoniuma ni kwamba ni ya kweli. Barafu ni maji. Nimelijua hilo tangu darasa la pili. Nililolipia ni chombo cha kuichelewesha isijikumbuke kuwa ni maji, na mtu aliyeniahidi siku 5 hana ruhusa ya kunifundisha hilo siku ya pili.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda mwenyewe, nikiwa na risiti na kizibo kwenye mkoba. Akakigeuza geuza, akakiri kwamba kweli hakina washa, kisha akaniambia kwamba ningekagua kabla ya kutoka dukani. Nikamwonyesha kwamba risiti ina dhamana ya mwaka 1. Akanijibu, mbele ya wateja wengine, "Dhamana ni ya deli, mama. Kizibo si deli." Mume wangu alinishauri nipeleke shauri Tume ya Ushindani, lakini nilijiona nimesimama mbele ya maofisa nikidai kipande cha mpira, nikaacha. Kipande hicho nilikipata mtaa wa pili kwa muuza vifaa vya mabomba, kwa shilingi 500. Alipima kizibo kwa jicho tu, akachomoa washa kwenye waya, akaikaza mwenyewe, akanirudishia huku akiendelea na simu yake.

Hapa ndipo uamuzi wangu unaponisumbua. Miezi michache baadaye tulikwenda Saadani, kule ambako hifadhi inafika mpaka ufukweni, na safari hiyo nililipanga deli kama mtu anayetafuta ushahidi wa kumfunga adui yake. Usiku wa kuamkia safari nililijaza chupa kadhaa zilizoganda ili lipoe kwanza, na alfajiri nikazitoa nikaweka nyingine. Barafu yangu yote ilikuwa chupa za maji za lita 1.5, zilizojazwa pungufu kidogo kwa sababu maji yakiganda hutanuka, zikakaa kwenye friza siku mbili kamili. Zikiyeyuka ni maji ya kunywa, wala hayachuruziki kuingia kwenye nyama. Nyama na kuku viliganda kwanza, kisha vikafungwa kwenye vyombo vyenye mfuniko na kukaa chini kabisa. Juu yake nikaweka vya kesho, na juu kabisa vya leo, ili pasiwe na mtu wa kufukua. Nafasi iliyobaki niliijaza chupa nyingine na taulo, kwa kuwa deli kubwa lenye nafasi tupu hubadilisha hewa yake kila mfuniko unapoinuliwa. Soda, zikiwa zimeshapoa, zilipewa deli dogo la zamani, na watoto wakaambiwa kwamba deli kubwa ni la mama. Lenyewe lilikaa kivulini, juu ya vipande viwili vya mbao, likiwa limefunikwa gunia bichi.

Asubuhi ya siku ya tatu nilitoa chupa moja nikaitikisa karibu na sikio. Ndani yake kulikuwa na kipande cha barafu cha ukubwa wa yai, kikigonga kuta za plastiki. Kuku alikuwa bado amekakamaa katikati. Chini ya kizibo palikuwa pakavu. Nilisimama pale na ile chupa, na nakiri kwamba nililipenda deli lile. Kuta zake ni nene, mfuniko wake unakaza, na kama mtu angeniuliza siku hiyo kama alinunue, ningemwambia alinunue hata kwa kukopa.

Wifi yangu aliniuliza siku hiyo hiyo. Alilinunua lile lile, duka lile lile, kwa kijana yule yule, ingawa nilimsihi aende kwingine. Alipolileta nyumbani sikungoja chai. Nilipiga magoti kibarazani, nikakifungua kizibo chake, nikakiweka kwenye mwanga. Kilikuwa na washa mbili, zimebanana kwenye mfereji mmoja.

Wifi akaniuliza ninacheka nini. Nikamwambia mpira wa pili ni wangu, nikauchomoa kwa pini ya nywele.