Mashine ya Kukata Nyasi ya Kazi Nzito: Tazama Magurudumu Kabla ya Injini

Mvua za Machi zikianza, kila mwenye uwanja kuanzia Nakuru hadi Kakamega hukumbuka kwamba ana mashine ya kukata nyasi, na kila mwenye mashine hukumbuka kwamba ina kasoro. Safari hii malalamiko yanayonifikia yanafanana mno, ilhali wanaolalamika hawajuani: mtunza uwanja wa shule Kakamega, mama mwenye nyumba za kupangisha Kiamunyi, kijana anayekata nyasi za watu Milimani ya Kisumu. Injini inanguruma sawasawa, kisu kimenolewa, lakini nyasi zinatoka na mabaka. Upande huu umenyolewa mpaka udongo, ule hata haujaguswa. Na wote walikuwa wameshamlipa fundi asafishe kabureta.

Kabureta wanaionea bure. Inua mashine kwa mbele, shika gurudumu moja juu na chini, kisha litikise. Likicheza, umempata mwizi wako.

Mashine nyingi zinazouzwa mijini kwetu zina magurudumu ya plastiki yenye tundu tupu katikati, tundu hilo limevishwa boliti, na biashara imeishia hapo. Beringi, ile pete ya chuma yenye goroli ndani, hakuna. Kwa mwenye kiwanja kidogo cha kukata Jumamosi moja kwa mwezi, litadumu. Kwa mtu anayekata uwanja wa mpira, kanisa na nyumba kadhaa kwa wiki, halifiki Desemba. Vumbi la Nakuru lina majivu ya volkano, na likijipenyeza kati ya plastiki na boliti linakwangua kama msasa. Fungua nati utajionea mwenyewe: uji mweusi wa grisi na vumbi, vinyweleo vya plastiki, boliti imelika upande wa chini hadi inang'aa, na tundu limepanuka kiasi cha kupitisha bisibisi pembeni. Kisumu hakuna vumbi hilo, lakini kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaoganda kwenye gurudumu hadi likwame, kisha linaburutwa badala ya kuzunguka.

Gurudumu moja likilegea, deki nzima, yaani lile bodi linalofunika kisu, inainamia pembe hiyo, na kisu kinainama nayo. Ndipo mabaka yanapotokea. Mashine inatetemeka, boliti za kushikilia mpini zinalegea, nayo meno ya wenzo wa kupandisha na kushusha kimo yanalika. Utanunua spea za kila kitu isipokuwa kile kilichoanzisha ugomvi.

Kwa hiyo ukifika dukani, usianze na injini. Omba gurudumu lifunguliwe. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Unatafuta beringi mbili za chuma, moja kila upande. Ukizipata, soma namba iliyochorwa ubavuni. Beringi ya 6202, kwa mfano, ina tundu la milimita 15 na kipenyo cha nje cha milimita 35 popote duniani, na mara nyingi utaipata kwenye duka la spea za bodaboda hata kama aliyekuuzia mashine amefunga biashara. Gurudumu la plastiki tupu halina ukombozi huo. Fundi wa jua kali atakukatia kipande cha bomba akitie kama bushi, na kitakusogeza kidogo tu.

Sasa nizipange mashine nipendavyo mimi.

Ya kwanza ni mashine yenye injini ya Honda GXV160. Sijifichi, mimi ni mtu wa Honda. Ni injini ya cc 163, inameza oili lita 0.65, na valvu zake zinasukumwa na fito, kitu ambacho fundi yeyote wa maana Nakuru anakifahamu. Lakini fungua macho, kwa sababu kuna GCV160 pia, na herufi hiyo moja imeliza wengi. GCV ni injini ya nyumbani, ina mkanda ndani unaozungusha kemu (shafti inayofungua valvu), na haikuundwa kwa mtu wa kukata kutwa. Dukani zote mbili huitwa "Honda 160" na muuzaji hakufafanulii. Tena kuna mashine zenye injini halali ya Honda iliyofungwa juu ya deki ya mtengenezaji mwingine kabisa, magurudumu yakiwa yale yale ya tundu tupu. Hapo umelipia jina la juu na kupewa miguu ya karatasi. Namba ya injini huwa imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ikiwa kuna stika tu, ondoka.

Ya pili ni Briggs & Stratton. Ni Wamarekani walioanza mwaka 1908. Mwaka 2020 kampuni ilifilisika ikanunuliwa na wenye mtaji wengine, na injini bado zinatengenezwa. Nzuri, inawaka kirahisi, ila chagua aina ya kazi nzito, si ile ndogo ya cc 125. Husqvarna naiweka ya tatu, na si kwa ubaya wake: mashine zao huja na injini tofauti tofauti, kwa hiyo rangi ya chungwa pekee haikuambii umenunua nini. Soma jina la injini, kisha rudi kwenye magurudumu.

Za bei ya chini zisizo na jina? Kwa kazi nzito, hapana. Ukiwa huna budi, nunua pamoja na magurudumu manne ya akiba siku hiyo hiyo.

Kuhusu nguvu, wauzaji wametuzoesha uongo. Utakuta stika ya "7.5HP" kwenye kiinjini cha cc 140, ilhali ile GXV160 ya cc 163 Honda wenyewe wanaiandikia kilowati 3.2, yaani zaidi kidogo tu ya HP (nguvu za farasi) nne. Isitoshe, injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Nakuru iko karibu mita 1,850, kwa hiyo moja ya tano ya nguvu imeshaliwa na mlima kabla hujagusa nyasi za Kikuyu. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, mna nafuu. Plagi ikiwa nyeusi ya masizi na mashine inakunywa petroli kupita kiasi, kama uko Nakuru au Eldoret mwambie fundi abadilishe jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, iwe ya nyanda za juu. Honda hushauri hivyo kwa anayefanya kazi daima juu ya mita 1,500.

Hitilafu nyingine nizipitie upesi. Moshi mweupe baada ya kusafisha chini ya deki: umeilaza upande mbaya, oili imeingia kwenye kabureta, siku nyingine ilaze chujio la hewa likitazama juu. Injini inapanda na kushuka yenyewe: jeti imeziba, mara nyingi kwa petroli iliyolala. Umegonga kisiki, na sasa kamba inakurudishia mkono kwa nguvu au haiwaki kabisa: usinunue plagi wala kabureta, fungua flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini) uangalie kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga kwenye shafti. Kikikatika hata nusu, cheche inakuja wakati usiofaa. Na tafadhali, msichanganye oili na petroli kwenye mashine hizi. Hiyo ni ya mashine za kufyeka za begani zenye injini ya mipigo miwili.

Sijamaliza na wauzaji. Bei hawaandiki, utaambiwa "njoo inboksi", na ukifika inboksi unaulizwa uko wapi kwanza, kana kwamba bei inategemea mtaa wako. Halafu ile warantii ya mwaka mmoja wanayoipigia debe: isome. Mara nyingi ni ya matumizi ya nyumbani, na ukikata nyasi za watu kwa malipo inapungua au inakufa. Waambie waandike kwenye risiti kwamba mashine ni ya kazi ya biashara, na kabla hujatoa hata shilingi waulize gurudumu moja la akiba ni bei gani na liko kwenye rafu ipi. Wakisema "tutakuagizia", duka la pili liko mtaa huo huo.