Mazoezi tiba ya sayatika hapa Moshi: nilicholipia na kilichonisaidia

Kliniki ya mazoezi tiba niliyotibiwa sayatika, yaani maumivu ya neva yanayotoka kiunoni kushuka mguuni, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imeondoka kwa sababu ya ngazi na mashine, nitaeleza. Pesa iliyokwenda kwa kijana aliyenipima, mtaalamu wa mazoezi tiba, sina kinyongo nayo hata kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, nashinda nimekaa, mguu wa kulia juu ya pedeli. Mgongo ulikuwa unauma kiasi, kama wa mshonaji yeyote. Kilichonitesa ni mguu. Maumivu yanaanzia kwenye tako, yanashuka nyuma ya paja, yanachoma pembeni mwa kigimbi, kisha ganzi juu ya unyayo mpaka kidole gumba. Nikikohoa, umeme. Nikikaa kumalizia pindo, umeme. Nikisimama kukata kitambaa, afadhali. Shemeji yangu, Mungu ambariki, akaniletea mkanda wa mgongo kutoka Arusha, ule mpana wenye sumaku. Majirani wa pale Mbuyuni kila mmoja alikuja na mafuta yake ya kuchua.

"Shikamoo mama."
"Marahaba baba. Huu mguu unaniua."

Kabla hajanigusa, kijana wa kliniki aliniuliza maswali ambayo mahali pengine sikuwahi kuulizwa. Mkojo unatoka vizuri? Haja kubwa unaweza kuizuia? Ukijifuta chooni unahisi kama kawaida? Una homa za jioni, jasho la usiku, nguo zimeanza kukupwaya? Nikamwuliza hayo yote na mguu wapi na wapi. Akasema neva za chini kabisa kwenye uti wa mgongo zikibanwa kwa pamoja, mtu hupoteza hisia kwenye sehemu za siri na ndani ya mapaja, mkojo unagoma au unatoka wenyewe, na huyo hapelekwi kwenye mazoezi, anakimbizwa hospitali siku hiyohiyo, maana upasuaji ukichelewa anaweza kubaki hivyo. Homa na kukonda vinamfanya awaze kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huku kwetu kipo. Ukienda mahali ukapandishwa kitandani bila kuulizwa haya, mimi ningeshuka nikaondoka.

Kisha akanilaza chali na kuuinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu, ule umeme ukapita mpaka kigimbini. Wa kushoto ukapanda vizuri tu. Akaweka kidole chake juu ya kidole gumba cha mguu wangu: "Kivute juu, usiniachie." Cha kushoto kilimshinda yeye. Cha kulia kilianguka. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akagonga magoti na nyuma ya vifundo kwa kinyundo cha mpira, akapitisha pamba kwenye nyayo huku nimefumba macho. Akasema inaelekea mzizi wa neva uliobanwa ni wa pingili ya tano ya kiuno.

Nilikuwa nimebeba eksirei iliyopigwa mahali pengine, nikiwa nimeambiwa mifupa imesagika. Akaiangalia, akanirudishia. Eksirei inaonyesha mfupa. Diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, haionekani, neva haionekani. Diski ina ganda gumu na ute katikati. Ganda likichanika, ute husukumwa nyuma, unaubana na kuuchokoza mzizi wa neva. Mizizi hiyo inatoka kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno na sehemu ya juu ya mfupa wa chini yake, inaungana kuwa neva ya sayatika, nene kuliko zote mwilini, inayopita takoni na nyuma ya paja. Ndiyo maana mgongo unaharibika, mguu unalia. Nikamwuliza kuhusu MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha diski na neva. Akasema bado, kwa sababu hata watu wasio na maumivu yoyote hukutwa na diski zilizovimba, na wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu bila kisu. Ute uliotoka mwili wenyewe huupunguza taratibu.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe. Kulala kifudifudi, kisha kujiinua kwa viwiko, baadaye kwa mikono huku kiuno kimebaki chini. Alinipa kanuni moja: maumivu yakipanda kutoka kigimbini kuja takoni, endelea, hata kama mgongo unauma zaidi, yakishuka kuelekea unyayoni, acha. Nimeitegemea kanuni hiyo kuliko kidonge chochote. Kulala kitandani kutwa alinikataza. Nitembee, hata kama ni kwenda dukani na kurudi. Kiti cha cherehani nikakiinua kwa mto, na kila kipande kikiisha nasimama.

Akanionya pia kuhusu sindano. Wengi wetu mguu ukishika tunakimbilia duka la dawa tudungwe diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye tako. Neva hiihii inapita hapo, na sindano iliyokosea mahali inaweza kuiumiza. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo ndiyo kabisa asijinunulie.

Sasa ngazi. Kliniki ya migongo iko ghorofani na lifti hakuna. Nilipanda nikiwa nimeshika ukuta, na mzee aliyekuwa mbele yangu alikaa katikati ya ngazi apumzike. Mashine ya umeme nayo wanaitoza peke yake. Inatekenya, ina raha yake, lakini mhudumu mwingine aliniunganisha akaenda zake mpaka nikaanza kusinzia. Binti yangu anasoma uuguzi, akanionyesha mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2016: kwa sayatika wanasema msiwape wagonjwa mashine za namna hiyo, wala mikanda. Kijana mwenyewe nilipomwuliza alicheka, akasema inatuliza tu, diski haisogei. Vikao vilivyofuata nikaikataa, na hakuna aliyeninunia. Mkanda wa shemeji nauvaa akija kutusalimia.

Kikao kimoja bila mashine ni kama ujira wa kushona gauni la kitenge lenye bitana. Ule umeme wa mguuni umeisha, nakaa kwenye cherehani kama zamani, kidole gumba kimepata nguvu ila ganzi kidogo bado ipo, na aliniambia ganzi ndiyo huondoka mwisho.

Ukienda, wahi asubuhi kabla foleni haijajaa, omba kupimwa na mtaalamu mwenyewe siku ya kwanza, na uvae suruali laini, si sketi ya kubana. Utalala kifudifudi muda mrefu.