Zahanati ya kijijini kwetu: nesi nampa nyota tano, kabati la dawa nyota mbili

Nimekaa kwa mama wiki tatu huku Handeni na zahanati yetu nimeenda mara nne kwahiyo naweza kuisemea. Jina la kijiji sitaji maana hapa tunajuana wote na nesi nakutana naye gengeni.

Mara ya kwanza mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, kaamka saa tisa usiku anachemka mpaka nikaogopa. Kulivyokucha tukapanda bodaboda, vumbi tu dakika arobaini. Nilijiandaa kufokewa kama nilivyozoea mjini, nikakuta nesi mmoja peke yake, huyohuyo anaandikisha, anapima uzito, anachoma sindano, anazalisha, tabibu kaitwa semina wilayani. Akamtoboa mtoto kidole, tone la damu kwenye kile kipimo cha malaria, akadondoshea na ile dawa yake, akasema tusubiri robo saa na kweli akawa anaangalia saa ya ukutani, sio kukadiria. Mistari miwili, yaani malaria ipo.

Sasa dawa mseto za watoto, zile pakiti za njano, zimeisha. Nikajua haya, ndo naambiwa nikanunue. Akatoa pakiti ya kijani ya watu wazima, akachukua mkasi akakata vidonge sita, akanielewesha kwamba kidonge ni kilekile ila idadi ndo inatofautiana, mtoto wa kilo 13 anameza kimoja, cha pili baada ya masaa nane, halafu asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe. "Mamdogo, mpe na maziwa au uji wa karanga, asimeze tumbo tupu." Cha kwanza akakiponda kwenye kijiko palepale na akatukalisha kwenye benchi nusu saa, akitapika arudie. Na katapika kweli, hata dakika kumi hazijafika, kwenye sketi yangu! Mkasi ukatoka tena. Hakuna aliyenidai hata mia, chini ya miaka mitano hatozwi.

Kero sasa. Mama ana miaka 58 na ana presha. Kalipia CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, 30,000 kwa mwaka kaya ya watu sita, kadi kaifunga kwenye pindo la kanga kama hela ya harusi. Tumeenda mara tatu, mara zote kapimwa vizuri, mashine ipo na inafanya kazi, juzi ilisoma 170 kwa 100, halafu anapewa kikaratasi akanunue duka la dawa muhimu. Nesi anasema anaagiza kila mara ila zinazokuja ni za malaria na za wajawazito. Simlaumu yeye, lakini malaria unameza siku tatu umemaliza, presha ni kila siku ya Mungu, sasa hiyo 30,000 mama kalipia kupimwa tu? Nimekuja kugundua anameza leo kesho anaruka ili vidonge vifike mwisho wa mwezi. Tumegombana sana, mwisho nikanunua vya miezi mitatu nikamwekea kwenye kopo la majani ya chai maana hapo lazima afungue kila asubuhi.

Mengine ya haraka haraka: choo kisafi, maji ya kunawa ni ndoo na kata, friji ya chanjo ya sola inawaka. Ukutani kuna tangazo la m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito, namba 115, kupiga bure, nikadhani mapambo kama matangazo mengine, kumbe jirani yetu alishikwa uchungu usiku damu ikawa nyingi, nesi akapiga, ikaja gari ya dereva wa kawaida tu aliyesajiliwa ikampeleka hospitali ya wilaya na hakulipa nauli. Mtoto yupo, analia kutwa nzima tunamsikia.

Ukienda wahi kabla ya saa tatu asubuhi, na Jumatano usiende kama huna mtoto wa kliniki, siku hiyo benchi zote zimejaa kina mama na vichanga vinaning'inia kwenye mzani kama ndizi sokoni, wewe na kichwa chako kinachouma utakaa mpaka saa nane.