Kuificha KVM au kuibadilishia jina?

Mfumo mgeni (mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe) huitambua haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, kwa CPUID, amri ya kuiuliza CPU taarifa zake: ukiuliza 0x40000000, KVM, haipavaiza ya Linux, hujibu "KVMKVMKVM". Kwenye libvirt, zana ya kusimamia mashine pepe, jibu hilo hurekebishwa kwa njia mbili, zote ndani ya `<features>` kupitia `virsh edit`, amri ya kuhariri XML ya mashine.

Ya kwanza ni `<hidden state='on'/>` ndani ya `<kvm>`. Hufuta saini ya KVM, na Linux huumia upesi kwa sababu kvm-clock, saa ambayo KVM humpa mgeni, hupotea. Soma `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`: ukikuta hpet au acpi_pm (saa za polepole) badala ya tsc (saa ya haraka ya CPU), programu zinazouliza saa kila mara zitazorota. Na bado hujajificha! Biti ya 31 ya ECX katika CPUID 1, inayosema kuna haipavaiza, hubaki imewaka mpaka uzime `hypervisor` kwenye `<cpu>`, na SMBIOS, taarifa za mtengenezaji wa mashine, kwa kawaida inaendelea kuitaja QEMU, programu inayoiga maunzi kwa ajili ya KVM.

Ya pili ni `<vendor_id state='on' value='...'/>` ndani ya `<hyperv>`, jina jipya la herufi zisizozidi 12. Windows haijali jina. Hutafuta "Hv#1" kwenye 0x40000001, hivyo maboresho ya Hyper-V (haipavaiza ya Microsoft, ambayo KVM huiiga) hayaguswi. Saini ya KVM huhamia 0x40000100, na Linux huipata hukohuko.

Kwa Windows, chukua ya pili. Kuficha kulivuma kwa ajili ya kosa la Code 43, ambapo draiva ya kadi za picha za GeForce iligoma ndani ya mashine pepe, lakini tangu draiva 465 ya mwaka 2021 NVIDIA yenyewe inaruhusu kadi hizo ndani ya mashine pepe. Kwa Linux, usiguse chochote.

Ukishahariri, zima mashine kabisa ndipo uiwashe. Kuiwasha upya kutoka ndani hakusomi XML mpya.