FEMM kwa kupanga mota ya mashua: uzoefu wangu Lamu

Ninasuka koili za mota hapa Langoni, na sasa naunda mota ya sumaku ya kuzungusha rafadha ya mashua moja kwa moja, bila gia. Vipimo vyake navipanga kwa FEMM, programu ya bure ya David Meeker. Ni ya Windows, ikishapakuliwa haidai intaneti, na laptopu kuukuu inaimudu.

Unachora stata (sehemu isiyozunguka) na rota (inayozunguka) kama zilivyo zikikatwa kwa msumeno na kutazamwa kwa mbele, kisha unataja kila kipande ni kitu gani: chuma, shaba, neodimi (sumaku kali) ya daraja fulani. Programu inatandaza wavu wa pembetatu na kukokotoa usumaku.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni rangi zake. Mafundi wengi tukitaka mota yenye nguvu tunawaza sumaku nene. Hapa unaona wazi meno ya stata yamekolea waridi, yanakaribia tesla 2 (tesla ni kipimo cha usumaku): chuma kimeshiba, hakipokei tena ila kidogo. Ukiongeza unene wa sumaku hapo unatupa pesa. Jino ndilo linalotaka upana. Lakini jino likipanuka mfereji wa kulazia waya unabanwa, shaba inapungua, koili inapata moto. Basi unasogeza mstari nusu milimita, unakokotoa tena, unasogeza tena, kabla hujakata hata bati moja. Kwangu hilo peke yake latosha kuipenda.

Kuna pia rota kushikashika inapozungushwa kwa mkono. Mifereji 12 na ncha 8 za sumaku hutoa mishiko 24 kwa mzunguko. Ukiweka ncha 10 inakuwa 60, na huwa hafifu zaidi. Skripti fupi ya Lua (lugha ya kuandikia programu) inageuza rota kidogo kidogo na kuandika torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kila hatua, nawe umekwenda kuswali alasiri. Ila wavu wa kwenye pengo la hewa uwe na macho madogo sana, la sivyo namba zinayumba.

Kasoro zipo. Inatazama bapa tu, kwa hiyo vichwa vya koili vinavyotokeza nje ya stata haivioni. Ukinzani wa waya wa sehemu hiyo uuhesabu mwenyewe. Haina kitufe cha kukutafutia kipimo bora, na menyu zote ni za Kiingereza.

Ukifika kuchagua sumaku, kumbuka mota ya chombo hushinda juani. Neodimi ya kawaida huvumilia nyuzi 80 hivi. Daraja la SH hufika 150. Mimi ningelipia SH yenye mipako mizuri, maana chumvi huila neodimi upesi.